Wazimu, Mizimu na Ugonjwa wa Akili: Wazee Wetu Walielewa Nini, na Sisi Tunajua Nini Leo?

1. Sababu ya kuandika

Ndugu msomaji, katika vitabu vya mila tunazoea kusoma juu ya mahari, juu ya majina ya watoto, juu ya ngoma na mazishi. Ni vizuri. Lakini iko jambo moja ambalo kila jamaa inalo na hakuna mwenye kupenda kulitaja mbele ya wageni: wazimu. Tukiulizwa, tunajibu haraka: «Ule ni mambo ya familia.» Basi mimi leo nataka tuliongee, kwa njia ya historia, kwa kuwa historia njo kazi yangu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2011 nilikuwa nafundisha historia katika mwaka wa sita, kwenye masomo moja ya Bukavu. Kulikuwa kijana wa miaka 18, mwenye akili, wa kwanza au wa pili kila mara. Kisha Pasaka alianza kubadilika. Alikaa karibu na dirisha, alicheka peke yake, alinong'ona. Daftari yake ilibaki nyeupe. Mwili wake ulinuka, yeye aliyekuwa msafi kuliko wote. Mimi nilisema: huyu amejifunza bangi. Nikamtoa nje ya darasa mara mbili, nikampa sifuri ya mwenendo. Siku moja alinifuata kwenye njia, akaniambia kwa sauti ndogo: «Mwalimu, kuko batu benye kuzungumuza mu kichwa yangu. Banajua jina yangu. Weye haubasikie?» Mimi nikajibu: «Acha mchezo, egzameni ya Serikali iko karibu.»

Yaliyofuata nitayasema mwishoni. Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe.

2. Ugonjwa huu ni nini?

Waganga wanatumia neno psikoze kwa kutaja hali ambayo mtu anapoteza mpaka kati ya mambo ya kweli na mambo ya kichwani mwake. Kuna magonjwa mengi ndani ya psikoze, na lile linalojulikana zaidi ni skizofrenia. Dalili zake tunaweza kuzigawa kwa makundi matatu, kama tunavyofanya ubaoni.

La kwanza: mambo yanayoongezeka. Mgonjwa anasikia sauti za watu wasiokuwepo, mara nyingi zikimtukana, zikimwamuru, au zikizungumza juu yake. Anaamini kwa nguvu mambo yasiyo ya kweli: kwamba jirani anamtilia sumu, kwamba redio inamtaja yeye, kwamba mawazo yake yanaibiwa. Kumbishia hakusaidii, kwake ni kweli kabisa kama vile jua kwako.

La pili: mambo yanayopungua. Hana tena hamu, hana furaha wala huzuni usoni, anakimbia watu, haogi. Hili ndilo tunaloita uvivu ao kiburi, na hapa ndipo tunakosea zaidi.

La tatu: mawazo yanayovurugika. Anaanza sentensi, anaruka kwenye nyingine, na maneno hayashikamani.

Mwaka 2022 Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilihesabu watu karibu milioni 24 wenye skizofrenia duniani, ni kusema mtu 1 kati ya 300. Kwa watu wazima peke yao ilikuwa karibu 1 kati ya 222. Ugonjwa huu unaanza mara nyingi mwishoni mwa ujana ao katika miaka ya 20, na kwa wanaume unatangulia kuliko kwa wanawake. Sisi walimu wa mwaka wa tano na wa sita tuangalie vizuri hesabu hii: ni umri wa watoto tulio nao mbele ya ubao.

Lakini si kila mwenye kusema ovyo iko na skizofrenia. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya matumbo, ukimwi, kaswende ya zamani, na ugonjwa wa malale vinaweza kuvuruga akili. Kuna mama anayechanganyikiwa katika siku ao juma za kwanza kisha kuzaa. Kuna anayevurugwa na bangi ao pombe. Kuna mwenye furaha kupita kiasi, halali siku tatu, anagawa mali yake, kisha anaanguka katika huzuni: ugonjwa huo uko na jina lingine na dawa zingine. Na kifafa si wazimu hata kidogo, hata kama watu wanavichanganya. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya munganga ni kupima damu na kuuliza maswali, kabla ya kutoa jina.

Chanzo cha skizofrenia si kimoja. Damu ya jamaa inachangia: mtoto wa mzazi mgonjwa iko na hatari karibu mara kumi kuliko mtoto mwingine. Lakini damu si hukumu. Kati ya mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake anabaki mzima. Basi yako mambo mengine yanayoongezeka: matatizo ya mimba na ya kuzaliwa, mateso ya utoto, bangi kwa vijana. Hakuna chanzo kimoja ambacho jamaa inaweza kukinyoshea kidole.

3. Neno letu lina hadithi yake

Tuangalie sasa neno «wazimu». Ndani yake kuna mzizi -zimu, ule ule wa mzimu na mizimu. Kwa Wanyarwanda ni umuzimu, wengi wao abazimu. Katika Bushi pia watu wanataja bazimu. Ni roho za wafu wa jamaa. Kwa hiyo lugha yenyewe inatuonyesha mafundisho ya wazee: mwenye wazimu ni mtu aliyekamatwa na wafu. Mfu aliyesahauliwa, aliyekosa sadaka yake, anarudi kudai. Wanaosema Lingala wao wanaita liboma, na ni neno lingine kabisa. Mababu wa mahali pengi hawakupita njia moja.

Je, wazee walikuwa wajinga? Mimi nasema hapana. Angalia ibada ya Lyangombe, iliyojulikana Bushi, Buhavu, Rwanda, na Burundi ambako wanamwita Kiranga. Hadithi inasema Lyangombe alikuwa muwindaji mkubwa aliyeuawa na nyati, na roho yake ikawa mkubwa wa roho zote. Waliofundwa katika ibada hiyo waliitwa imandwa. Siku ya ibada mtu alibadilisha sauti, alijitaja kwa jina la roho, alisema maneno ambayo siku nyingine ni mwiko kuyasema. Mzungu aliyepita njiani angeweza kusema: wote hawa ni wazimu. Lakini wenyeji walijua sivyo. Sauti ile ilifundishwa, ilikuwa na saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na kesho yake mtu alirudi shambani. Mwenye wazimu hachagui saa. Sauti zake hazimfundishi mtu, na kesho yake hazinyamazi. Tofauti hiyo wazee waliiona vizuri, tena bila kitabu.

Jambo la pili walilolijua: mgonjwa hakuachwa peke yake kuamua. Jamaa ilikutana, wajomba na mashangazi, wakauliza: twende kwa mulaguzi, kwa mwenye majani, ao tungoje? Mwanachuoni wa Amerika, John Janzen, aliandika mwaka 1978 kitabu juu ya Wakongo wa Bas-Zaïre, akaonyesha kwamba jamaa njo ilikuwa inaongoza safari yote ya kutafuta uponyaji, na kwamba ilienda kwa mfumu na kwa hospitali bila kuona haya. Mimi nafikiri kila msomaji wa Kivu atatambua jamaa yake katika maneno hayo.

Lakini kuna upande mwingine, na mwalimu hapaswi kuuficha. Kama ugonjwa unatoka kwa mtu, hai ao mfu, basi mtu huyo atatafutwa. Mara nyingi aliyetafutwa alikuwa mjane mzee, mke wa pili, ao mtoto yatima. Siku hizi tunaona watoto wanaitwa wachawi. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza jambo hilo na kuliadhibu. Bibi yangu, mama ya baba, alikuwa akisema: «Mufumu anaponyesha moja na kugombanisha kumi.» Yeye mwenyewe alikuwa akienda kwao, lakini alijua.

4. Wazungu nao walitoka mbali

Wengi wanafikiri kwamba Ulaya ilijua dawa tangu zamani na sisi tulibaki katika giza. Historia haisemi hivyo. Katika Paris ya karne ya 18 wenye wazimu walifungwa minyororo. Munganga Philippe Pinel alipoingia kazi kwenye hospitali ya Bicêtre mwaka 1793, alimkuta pale muuguzi jina lake Jean-Baptiste Pussin, mtu asiye na diploma, aliyekuwa amekwisha kuona kwamba mgonjwa anayeheshimiwa anatulia. Pinel njo alipata sifa, lakini aliyeanza ni Pussin.

Katika Ubelgiji, padri Pierre-Joseph Triest alianzisha mjini Gent, mwaka 1807, shirika la Frères de la Charité. Frères hao, pamoja na munganga Joseph Guislain, walitoa wagonjwa katika vyumba vya chini vya giza, na mwaka 1857 hospitali mpya ikafunguliwa. Jina la Guislain tutakutana nalo tena kwetu.

Jina la ugonjwa lilichelewa. Mjerumani Emil Kraepelin, katika kitabu chake cha 1899, alitenga ugonjwa unaoanza ujanani na kuharibu akili polepole, na ule wa furaha na huzuni zinazopokezana. Mwaka 1904 alisafiri mpaka kisiwa cha Java kutafuta kama ugonjwa huo uko hata kwa watu wasio wazungu. Aliukuta. Mwaka 1908 Mswisi Eugen Bleuler akaupa jina jipya, skizofrenia, kwa maneno mawili ya Kigiriki: kupasuka na akili. Hakutaka kusema kwamba mtu mmoja anakuwa watu wawili, kama vile filme zinavyoonyesha. Alitaka kusema kwamba mawazo, huzuni, na matendo ya mtu havishikamani tena, kama vile jembe lililotoka katika mpini.

Na elimu bila utu inaweza kuwa mbaya kuliko ujinga. Kati ya 1939 na 1941, serikali ya Hitler iliua katika vyumba vya gazi wagonjwa wa akili na vilema zaidi ya 70 000, na waliotia sahihi kwenye karatasi walikuwa waganga wenye diploma kubwa.

5. Walivyotuhukumu sisi, na tulivyojibu

Wakati wa ukoloni waganga fulani waliandika kwamba Mwafrika hana akili ya kutosha hata ya kuugua vizuri. Mwingereza J. C. Carothers, aliyekuwa mkubwa wa hospitali ya Mathari kule Nairobi, aliandika mwaka 1953, kwa ajili ya OMS yenyewe, kwamba Mwafrika anatumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo. Leo hakuna munganga wa kweli mwenye kusema hivyo.

Jibu lilitoka Afrika. Thomas Adeoye Lambo, munganga wa Nigeria aliyesomea Uingereza, alianzisha mwaka 1954 kazi ya ajabu kule Aro, karibu na Abeokuta. Wagonjwa walilala katika vijiji vilivyozunguka hospitali, kila mmoja na mtu wa jamaa yake. Asubuhi walipata dawa, mchana walilima na kupika kama wengine. Lambo aliwaita na waganga wa kienyeji ili wamsaidie kuelewa maneno ya wagonjwa. Kule Dakar, kwenye hospitali ya Fann, Mfaransa Henri Collomb kuanzia 1959 alifanya vilevile: mgonjwa alikuja na jamaa, na wote, wagonjwa na waganga, walikaa pamoja kuzungumza kama kwenye barza.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Wabelgiji waliotutawala walikuwa na mji wao, Geel, ambao tangu karne za kati unapokea wagonjwa wa akili ndani ya nyumba za wakaaji. Walikuja kuomba kwa mtakatifu Dimfna, kanisa likajaa, basi watu wakawalaza kwao. Desturi ikabaki. Kabla ya vita ya 1940 walikuwa zaidi ya 3 000, wakila mezani na jamaa zisizo zao. Mwaka 2023 UNESCO iliandika desturi hiyo katika orodha yake ya njia nzuri za kulinda urithi usioshikika. Kumbe kile tunachoita «mila ya kiafrika», kukaa na mgonjwa nyumbani, ni mila ya watu wote wenye moyo.

6. Dawa zinafanya nini

Mwezi wa Desemba 1950, katika kiwanda cha Rhône-Poulenc huko Ufaransa, Paul Charpentier alitengeneza klorpromazini. Munganga wa jeshi Henri Laborit aliona inatuliza wagonjwa wa kupasuliwa. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliijaribu kwa wagonjwa wa akili wa Sainte-Anne, Paris. Watu waliopiga kelele miaka mingi walianza kuongea. Njo hiyo tunayoijua kwa jina la Largactil. Mwaka 1958 Mbelgiji Paul Janssen akapata haloperidoli. Kisha ilikuja sindano ambayo nguvu yake inakaa juma mbili mpaka nne.

Dawa hizi zinapunguza kazi ya kitu kinachoitwa dopamini ndani ya ubongo. Haziponyeshi kabisa kama vile kinini inavyoua malaria. Ni kama dawa ya sukari ao ya presha: zinashika ugonjwa, na ukiziacha ghafula unarudi. Zina na shida zake pia: mwili kukakamaa, mikono kutetemeka, usingizi, ao kunenepa. Watu wakiona mgonjwa anatembea kama mti wanasema: «Dawa ya kizungu imemumaliza.» Hapana. Ni kipimo kinachohitaji kurekebishwa, na munganga anaweza kufanya hivyo. Mgonjwa aseme, asiache kimya.

Hapa msomaji ataniuliza: kama ni hivyo, mbona nimeona kwa macho yangu mtu aliyepona kwa mufumu, ao kwa maombi, bila sindano? Swali ni la haki. Waganga wa Ufaransa tangu mwisho wa karne ya 19 walieleza psikoze ya ghafula, inayolipuka kama radi, mara nyingi kisha mshtuko mkubwa, na inayoisha yenyewe kwa siku ao juma chache. Collomb na wenzake waliikuta mara nyingi Afrika. Aliyepata hiyo, akipelekwa kwa mufumu atapona, akipelekwa kwa maombi atapona, akikaa na mama yake atapona. Sifa inaenda kwa yule aliyekuwa karibu siku ile. Lakini mwenye skizofrenia akipelekwa hapo hapo, atabaki mgonjwa, na watasema hana imani, ao jamaa inaficha dhambi. Na hakuna mtu anayeweza kutofautisha hao wawili siku ya kwanza. Njo maana wote wawili wapelekwe kwa munganga.

Maombi sikatai. Mimi mwenyewe ninaomba. Ninakataa kamba, kufungisha mgonjwa chakula, na kumkataza dawa.

7. Kwetu Kivu

Watu wa kwetu hawawezi kusema hakuna pa kwenda. Frères de la Charité, wale wa Triest, walifungua kule Ndera, karibu na Kigali, hospitali ya akili mwaka 1972. Katika miaka ya 1990 kazi yao ilifika Bukavu kwa jina la SOSAME, na Goma ikaja Tulizo Letu. Lubumbashi pia iko hospitali yenye jina la Joseph Guislain, yule munganga wa Gent. Kinshasa, kwenye kilima cha Mont Amba, chuo kikuu kina CNPP yake.

Ni kidogo kwa inchi kubwa hivi, tena inchi iliyopita katika vita ya 1996, ya 1998, na zingine hadi leo. Vita haifanyi kila mtu kuwa na skizofrenia. Wengi wanabaki na woga na ndoto mbaya, na huo ni ugonjwa mwingine. Lakini vita inavunja jamaa, na jamaa njo ilikuwa hospitali yetu ya kwanza. Wale tunaoona kwenye soko wamevaa masanduku na makaratasi, watoto wakiwatupia mawe, mara nyingi ni watu waliopoteza jamaa kabla hawajapoteza nafasi ya kulala. Tunawaogopa, lakini wengi wao si watu wa fujo. Wao njo wanapigwa, na wanawake wananajisiwa usiku.

8. Mwisho

Nirudie kijana wangu. Juma mbili kisha kuniambia juu ya zile sauti, hakurudi masomo. Jamaa yake walimpeleka kwenye chumba cha maombi. Alikaa huko zaidi ya miezi mitatu, akifungwa mguu kwa kamba, akifungishwa chakula siku kwa siku. Egzameni ya Serikali ilipita. Alipofikishwa hospitali alikuwa mifupa tu.

Leo anaishi. Anapata sindano yake, anamsaidia dada yake kuuza unga, anajua bei zote za soko kuliko mimi. Diploma hakupata. Sauti zingine bado zinakuja, lakini anasema: «Mwalimu, sasa najua ni ugonjwa njo unaongea.»

Siku moja nilienda kumsalimia mama yake. Nilianza kulaumu wale wa chumba cha maombi. Aliniacha nimalize, kisha akasema bila hasira: «Papa mwalimu, sisi hatukujua. Lakini weye uliona mbele yetu. Ulimuona kila siku, na alikuambia.»

Sikuwa na jibu. Wazee wanasema: mficha ugonjwa, kilio kitamfichua. Lakini yule kijana hakuficha. Alisema, na aliyesikia alikuwa na diploma.

Basi, wenzangu walimu, wazazi, na wachungaji, nawaomba mambo matatu tu. Kijana akibadilika kwa juma kadhaa, msimuite mvivu mbele ya kumuuliza. Akisema anasikia sauti, msicheke wala msibishane. Mwambieni «nimesikia, twende pamoja», na mwende kwanza kwa munganga. Na jamaa ikutane kama zamani, kwenye barza, lakini isitafute mchawi. Itafute nani atamsindikiza mgonjwa hospitali mwezi ujao, nani atalipa gari, nani atakaa naye usiku. Urithi huo wa wazee tuushike. Ule wa kunyosha kidole tuuzike.

Neno wazimu litabaki katika lugha yetu, na mizimu ndani yake. Si vibaya, lugha inakumbuka. Lakini sisi tunaojua kusoma hatuna tena ruhusa ya kungoja wafu watoe jibu, wakati mtoto aliye hai anasimama mbele yetu na kuuliza: «Weye haubasikie?»